Skurubu ya Khamis na Valvu ya Sailensa

Kila mkija kunitazama mnaniuliza swali lile lile: "Fundi, utarudi lini?" Sirudi. Sikuacha kazi kwa uzee. Ndevu zangu nyeusi bado ni nyingi kuliko nyeupe. Nimeacha kwa sababu goti langu la kushoto halikunjiki tena, na fundi wa gari asiyeweza kuchuchumaa ni sawa na mpishi asiyeweza kukaribia jiko. Aliyelivunja goti hilo anaitwa Khamis Faki. Alilivunja kwa bisibisi, na bisibisi yenyewe haikunigusa. Tangu siku ile nilichokitaka kwake ni kitu kimoja: aje aseme kwa kinywa chake alichokifanya. Sikutaka pole, pole nilizipata mpaka zikanichosha. Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoshika spana sasa, na majina nayataja, maana wenye majina hawakuona haya kufanya.

Niliingia gereji ile ya njia ya Wesha, hapa Pemba, nikiwa nimeacha skuli darasa la tano. Kusoma nasoma, kuandika ndiyo hivi mnavyoona. Aliyenipokea ni Mzee Songoro, ambaye babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu na hakurudi tena. Siku ya kwanza alinioshesha nati kwenye dizeli toka asubuhi mpaka adhana ya alasiri, halafu akazikagua moja moja akanirudishia nusu. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilidhani ananitesa. Baadae nikajua kwamba alikuwa akinitazama kama nina subira, na mimi nilikuwa sina, ila nilikuwa naogopa kurudi nyumbani.

Kitu cha kwanza cha maana alichonifundisha ni kusikiliza sailensa. Wenye lugha yao wanasema sailensa ni lile dude la kuzuia makelele kwenye bomba la moshi. Sisi mafundi wa hapa tuliligeuza neno, sijui nani alianza: kwetu sailensa ni mngurumo wa gari iliyosimama, injini inawaka na mguu hauko kwenye mafuta. Mzee Songoro alikuwa anaweka kikombe chake cha kahawa juu ya injini, anakitazama. Kahawa ikitulia, sailensa nzuri. Ikicheza, kuna kazi. Ikimwagika, alikuwa anamtazama mwenye gari kama kwamba ndiye aliyeimwaga.

Siku hizo gari zote zilikuwa za kabureta. Kwenye kabureta kuna skurubu ya sailensa, na hiyo ilikuwa halali yetu. Gari inatetemeka, unaikaza kidogo, unasikiliza, unailegeza kidogo, kwisha. Mwenye gari anafurahi na wewe unajiona mkubwa. Hapo ndipo maradhi yalipoingia. Mafundi wengi wa kisiwa hiki walijifunza skurubu moja wakadhani wamemaliza chuo.

Kisha zikaanza kushushwa bandarini zile gari ndogo za Kijapani, zilizokwishatumiwa kwao, zinazopewa mafuta kwa kompyuta. Kabureta hakuna. Ya kwanza kunitia adabu ilikuwa ya mchuuzi mmoja wa samaki. Ikitembea haina neno. Akisimama tu, inazima. Anasimama kusalimia watu, inazima. Anasimama kupisha ng'ombe, inazima. Na Pemba mtu hawezi kupita bila kusalimia, kwa hiyo safari yake moja ilikuwa ni kuwasha gari njia nzima. Tulifungua boneti, nikaiona skurubu pale kwenye throto, yaani kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Nikapeleka bisibisi. Mzee Songoro akanishika mkono.

"Hii imetiwa rangi," akasema.

"Naiona."

"Basi aliyeitia rangi hakutaka weye uiguse. Kwani unamjua?"

"Simjui."

"Basi mheshimu."

Kompyuta Mzee Songoro alikuwa haijui hata kidogo, na hakuona haya kusema. Alimwomba dereva mmoja aliyewahi kufanya kazi Unguja amweleze, akamsikiliza kama mwanafunzi wa chuoni. Kisha akanieleza mimi kwa maneno yake, na maneno hayo sijapata mengine bora. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, kile kilango kinafunga. Injini nayo haiwezi kuishi bila hewa. Kwa hiyo imewekewa njia ndogo ya pembeni, na kwenye njia hiyo kuna valvu inayofunguka na kujibana kwa amri ya kompyuta. Injini ikiwa baridi, inafungua zaidi. Ukiwasha kiyoyozi au taa, inafungua kidogo ili injini isielemewe. Ikishapata moto, inajibana. Hiyo ndiyo valvu ya sailensa. Ikikwama imefungwa, gari inazima kila ukisimama. Ikikwama iko wazi, gari inanguruma juu hata kama hujaigusa. Ikiwa inashikashika, mngurumo unapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu.

Tuliifungua ile ya mchuuzi. Ndani ilikuwa nyeusi kama chungu cha kuni. Uchafu ule hautoki mbali: moshi wa oili ya injini yenyewe unarudishwa kwenye njia ya hewa, unakutana na vumbi, vinapikana pamoja. Na vumbi linaingiaje na kuna hewa klina, yaani chujio la hewa, ya kulizuia? Hapo nimtaje Suleiman wa Wingwi, dereva wa kukodi, kwa sababu nimemwambia zaidi ya mara moja na hakusikia.

"Suleiman, hewa klina yako iko wapi?"

"Nimeitoa, Fundi. Ilikuwa inaibana gari."

"Na pua yako inakubana?"

"Pua imeumbwa, Fundi. Hewa klina imetiwa na watu."

Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini valvu yake niliisafisha tena na tena, na kila mara alinung'unika kwamba gari za siku hizi hazina uimara. Barabara za Wingwi mnazijua. Kupita kule bila hewa klina ni kulisha injini unga wa mawe.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mnaponikera. Gari ikiletwa inazima, msianze kubadilisha plagi, kisha pampu, kisha koili, mpaka mwenye gari amalize vitu vya dukani ndipo mkumbuke valvu. Ulizeni kwanza. Inazima ikiwa kwenye mwendo au ukisimama? Asubuhi inawaka yenyewe au mpaka uikanyagie mafuta? Ukiwasha kiyoyozi inashuka? Majibu ya dereva yana faida kuliko spana, hata dereva mwongo, kwa sababu ataongopa kuhusu mwendo wake lakini hatoongopa kuhusu gari kumzimia mbele za watu.

Halafu kagueni mipira ya hewa. Mpira uliopasuka unavuta hewa ya wizi na unaleta dalili zile zile. Nimeona valvu nzima ikitupwa kwa kosa la mpira. Gari ikiwa inawaka, chomoeni waya wa valvu. Mngurumo ukibadilika, valvu bado ina roho. Usipobadilika hata kidogo, igongeni taratibu kwa mpini wa bisibisi, mpini, sikusema nyundo. Ikishtuka, imekwama kwa uchafu.

Kuisafisha si kazi ya ajabu. Ondoeni waya wa betri. Injini ipoe, maana nyingi kati ya valvu hizi zimepitiwa na maji ya rejeta, na maji ya moto hayajui nani fundi. Skurubu zake hukwama. Tafuteni bisibisi inayokaa sawasawa, mzigonge kidogo kabla ya kuzizungusha, kwani mkishaharibu kichwa mtabaki hapo mpaka magharibi. Pulizeni dawa ya kusafishia kabureta upande wa hewa tu, msiloweshe upande wa umeme. Mswaki laini. Kile kibati kinachozunguka ndani msikilazimishe kwa koleo, kitalegea chenyewe uchafu ukitoka. Gasketi iwe nzima. Silikoni mnayopenda kupaka kama siagi inaingia ndani na kuziba mlichozibua. Mkirudisha, iwasheni, iacheni ingurume yenyewe bila kuikanyaga mpaka ipate moto, kompyuta ijifunze upya. Hapa ndipo wengi wenu mnaposhindwa. Fundi akiwasha gari lazima aikanyage vuum, vuum, watu wajue kuna fundi.

Ikiwa imekufa kwa umeme, tafuteni nyengine. Lakini nyingi hazikufa. Zimeziba tu, zinaonewa.

Mzee Songoro alipofariki, Mungu amrehemu, gereji ikashikwa na mtoto wa ndugu yake, Omar Shaame, aliyekuwa akiuza vitambaa Chake Chake. Omar alikuwa hajui tofauti ya betri na boksi la betri, lakini alijua kutazama saa. Alitaka gari inayoingia asubuhi itoke kabla ya adhuhuri. Na fundi wa kumfurahisha alikuwa naye: Khamis Faki. Khamis aliingia gereji nyuma yangu kidogo, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Gari ikija inazima, anafungua boneti, bisibisi kwenye ile skurubu iliyotiwa rangi, anaizungusha mpaka kile kilango kibaki wazi kidogo. Gari inanguruma. Anafunga boneti.

"Khamis, umeifungua valvu?"

"Ya nini? Nimepandisha sailensa. Hebu sikiliza, yaimba."

"Yaimba leo."

"Na mwenyewe anaitaka leo, yakhe. Kesho akija tena nitapandisha tena."

Na Omar kwenye kiti chake akaongeza: "Weye Mbarouk, gari moja unakaa nayo kama unaiposa."

Kicheko gereji nzima. Mimi niliwaeleza, na nawaeleza nyinyi sasa. Valvu iliyokwama haijafa. Umeifungulia injini mlango mwengine kwa skurubu, sawa, imepata hewa. Siku valvu ikizinduka, kwa joto au kwa mtikisiko wa njia, na yeye atafungua mlango wake. Hewa mbili zinaingia pamoja na gari inanguruma kwa nguvu bila mguu wa mtu. Ikiwa ni gari ya gia za kujiendesha na ukaitia gia, itaruka. Nililisema hilo mbele ya Omar na Khamis, nikalirudia. Omar alijibu kwamba mimi naombea watu mabaya.

Gari iliyoruka ilikuwa ya Bi Raya wa Micheweni, mama mwenye heshima zake aliyekuwa akinunua mwani na kuupeleka Wesha. Alikuwa kairudisha kwa mara nyengine, inamzimia akiitia gia. Kila alipoileta, Khamis alipandisha sailensa. Siku hiyo akapandisha tena. Mimi nilikuwa na kazi yangu kwenye meza ya vaisi, ile meza ya chuma iliyochomelewa sakafuni. Khamis akaniita: "Hebu nitazamie mpira wa rejeta, naona watoa tone." Nikageuka, nikainama mbele ya gari, meza iko nyuma yangu. Breki ya mkono ya gari ile ilikuwa haishiki, na Khamis aliijua. Kabari chini ya tairi hakuweka.

Akaingia ndani ya gari akawasha. "Nataka kuitia gia nione kama inazima."

"Ngoja nitoke," nikasema.

Sikumaliza kuinuka. Alipoitia gia, valvu nayo ikawa imezinduka. Nilisikia mngurumo unapanda, na sauti ile naijua kuliko sauti za ndugu zangu. Bampa likanibana goti kwenye meza ya chuma. Khamis alikuwa na mguu kwenye breki kama mtu aliyeegesha mguu kwenye jamvi.

Ya hospitali siyaelezi sana. Chake walinifunga, Unguja wakanitia vyuma, nikarudi na mguu ulionyooka kama mpini wa jembe. Watu walikuja kunitazama. Omar alikuja akawaambia wenzake mlangoni kwamba gari mbovu imenirukia. Khamis alikuja na machungwa, akakaa, akasema, "Ndo kadari hiyo, Mbarouk." Na kila aliyekuja baada yake akasema kadari. Kadari naiamini, mimi ni Muislamu. Lakini kadari haikushika bisibisi.

Aliyenikata maini ni Bi Raya. Alikuja kutoka Micheweni, akakaa kwenye mkeka akalia, akaniomba radhi yeye. Aliambiwa na watu wa gereji kwamba gari yake ina shetani, na mashetani Pemba yanasadikiwa upesi. Alikuwa kaisimamisha uani kaifunika turubali, haipandi tena, mwani wake anaupeleka kwa gari za watu. Nilimweleza habari ya valvu na skurubu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ahsante baba, weye una moyo mzuri, unataka kunitoa huzuni." Hakuniamini. Angemwamini Khamis, na Khamis alikuwa amenyamaza.

Nikamtumia Khamis watu wamwambie aje aseme alichokifanya. Wakarudi na jibu: yaliyopita yamepita. Nikakaa na goti langu.

Kisha nikasikia Khamis anakwenda Makka. Shemeji yake aliyeko ng'ambo kamlipia. Na mnajua desturi: anayekwenda hija anazunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi asije akaondoka na deni la mtu shingoni. Nikamwambia mke wangu, atakuja huyu, hana pa kupita.

Alikuja baada ya sala ya alasiri, kanzu mpya, kofia ya kiua, na mkewe Mwanaisha, wameazima gari ya jirani. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Akatazama mkeka akasema yale maneno: "Mbarouk, ninakwenda Makka inshaallah. Nilichokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nataka radhi yako."

"Kipi?" nikamuuliza.

"Chochote."

"Chochote miye sikijui. Najua kimoja."

"Ile ilikuwa kadari, Mbarouk."

"Sasa radhi unaitaka kwangu au kwa kadari?"

Mwanaisha akavuta mtandio wake. "Khamis, mtu kakuuliza. Mjibu, tuna nyumba nyengine za kwenda."

"Nilipandisha sailensa," akasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa skurubu."

"Mara moja?"

"Kila ilipoletwa."

"Na nilipokwambia ungoje nitoke?"

"Nilikusikia," akasema. "Nilidhani itazima. Siku zote ilikuwa yazima."

Mke wangu aliyekuwa mlangoni na sinia ya juisi akarudi nayo ndani.

"Na valvu," nikamwambia, "kwa nini hukuifungua? Nilikwambia mbele ya Omar, nikakwambia kwenye chai, nikakwambia njiani. Ulikuwa mvivu? Ulikuwa unanifanyia ukaidi?"

"Sikujua iko wapi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nini?"

"Valvu. Sikujua iko wapi. Mzee Songoro alikuonesha weye. Alipokufa watu walikuwa washaniita fundi. Mtu keshaitwa fundi, atamuuliza nani?"

"Na kwangu anajua kila kitu," Mwanaisha akasema. "Mpaka chumvi ya mchuzi anajua miye nimekosea."

Ubishi wake nilikuwa nimeuwekea jibu, uvivu wake pia, na Omar na saa yake. Nilikuwa nimeyapanga kitandani huku goti linanipwita. Hili sikulipanga. Miaka yote ile tumekula sahani moja, na mtu anazungusha skurubu kwa sababu anaona haya kuuliza valvu iko wapi. Nilitaka kumpiga na gongo, na gongo lenyewe lilikuwa mbali.

"Nipe gongo langu," nikamwambia. "Twende nje."

Gari waliyoazima ilikuwa jamii ile ile. Nikamwambia afungue boneti. Akafungua, akasimama na kanzu yake nyeupe kama anangoja kusalisha.

"Ingiza mkono. Fuata throto, teremka chini yake. Usiguse skurubu. Teremka. Kuna mipira miwili midogo ya maji."

"Nimeipata."

"Baina yake."

Mkono wa kanzu ukagusa injini ukatoka na mstari wa oili, na Mwanaisha akaita jina la Mungu. Khamis hakujali. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vinapapasa kwa chini, uso umemkunjamana kama mtu anayetafuta pete ndani ya maji.

"Hii?"

"Hiyo."

Nikamwambia radhi yangu nimempa, goti na yote. Ila njiani apite Micheweni kwa Bi Raya, amwambie haya haya kwa kinywa chake, kwamba gari yake haina shetani, kisha aifungue valvu aisafishe mbele ya macho yake, na kanzu hiyo hiyo, maana imeshachafuka. Akasema atapita. Lakini mkono hakuutoa. Bado alikuwa ameishika, akiizunguka kwa kidole gumba, kitu kisichojaza kiganja.

"Ndo hii tu, Mbarouk?"

"Ndo hiyo tu."